Breki za Reuben

Patrol ya Reuben ilikuwa mwisho wa yadi, nyuma ya mabasi mawili yaliyoungua. Pamela Kerubo aliitambua kabla mlinzi hajanyoosha kidole. Hakuna gari jingine pale lililokuwa na bampa la chuma zito namna ile, winchi mbele, na bomba la hewa la injini lililopanda kando ya kioo hadi usawa wa paa. Upande wa dereva ulikuwa umebonyea hadi kati ya viti. Kiatu kimoja kilikuwa bado kimekwama chini ya usukani.

Kerubo alivaa glavu, akawasha tochi, akalala chali kwenye changarawe na kujiburura chini ya gari.

Alikuwa mkaguzi wa ajali katika kampuni ya bima huko West Bay. Kabla ya kuja Doha alikuwa sajenti wa trafiki Nakuru, na huko alizoea kuanza ukaguzi chini ya gari, si juu. Asubuhi hiyo bosi wake alimsukumia faili mezani.

"Fundi aliharibu kazi, mwenye gari akafa," alisema. "Tia sahihi tulifunge."

Trafiki nao walikuwa wameandika hivyo hivyo. Reuben, Mkenya, fundi wa viyoyozi katika hoteli moja, alinunua Patrol kuukuu ya miaka ya tisini, akaipeleka gereji moja katika eneo la viwanda ambalo kila mtu Doha huliita Sanaiya. Huko iliinuliwa: springi ndefu, shokabsoba mpya, magurudumu makubwa, karia ya chuma paani. Ijumaa moja ya Februari 2012 akaenda nayo kwenye vilima vya mchanga vya Sealine. Jioni, akirudi mjini, hakuweza kusimama kwenye mzunguko wa barabara. Trela la vyuma likampiga ubavuni, upande wake. Fundi aliyeliinua gari, Mganda aitwaye Herbert, alikuwa mahabusu tangu siku ile.

Katika picha za trafiki kitu kimoja kilimsumbua Kerubo. Matairi ya nyuma yalikuwa yameburura na kuacha mistari miwili mirefu kwenye lami. Ya mbele hayakuacha hata doa.

Alianza na mpira wa breki wa nyuma, ule unaopeleka mafuta ya breki kutoka kwenye fremu hadi kwenye ekseli. Ulikuwa mpya, mrefu, umefumwa kwa nyuzi za chuma zilizong'aa chini ya vumbi. Ndivyo inavyotakiwa. Gari likiinuliwa, magurudumu hubaki chini na mwili hupanda, kwa hiyo mpira lazima urefuke.

Alijivuta hadi mbele. Akasimamisha tochi.

Mipira miwili ya mbele ilikuwa ya zamani. Mpira mweusi wa kawaida, mfupi, wenye nyufa za uzee. Wa kulia ulikuwa umepasuka karibu na kichwa chake, na pale ulipopasuka nyuzi za ndani zilikuwa zimetanuka kama soksi iliyovutwa na watoto wawili.

Kwenye lami mpira mfupi usingeleta shida kwa sababu gurudumu halining'inii. Mchangani ni jambo lingine. Kila gari linapovuka kilele cha kilima, gurudumu hushuka hadi mwisho wa springi na mpira huvutwa. Unavutwa mara ya kwanza, ya pili, siku nzima. Halafu dereva anarudi barabarani, anakanyaga breki kwa nguvu, na breki za mbele zinakwisha kabisa. Za nyuma peke yake hazingeweza kuzuia gari lenye pua nzito kama ile.

Alimulika nati ya mpira wa nyuma mara nyingine. Mstari mwembamba wa rangi ya manjano ulikuwa umechorwa juu yake, ukavuka kutoka kwenye nati hadi kwenye kichwa cha mpira. Akamulika nati za mbele. Zote mbili zilikuwa na manjano iliyofifia, lakini mstari ulikatika pale nati ilipokutana na mpira. Mipira yenyewe haikuwa na rangi yoyote.

Nusu ya mstari ilikuwa hapa. Nusu ya pili ilikuwa imeondoka na kitu kingine.

*

"Huo ni mstari wangu," alisema Herbert.

Walikuwa katika chumba kidogo cha kituo cha polisi, askari mmoja mlangoni akichezea simu. Herbert alikuwa mtu mpana wa mabega, kutoka Tororo, na alikaa amefumbata mikono kati ya magoti kama anayeona baridi.

"Unauchora wakati gani?" aliuliza Kerubo.

"Nikishakaza, madam. Naweka alama ya kalamu ya rangi. Nati ikilegea, mstari unapishana, nitaona."

"Ulifunga mipira mingapi mirefu?"

"Mitatu. Nyuma mmoja, mbele miwili. Ilikuja pamoja na springi. Reuben mwenyewe aliingoja sana, ilitoka Australia."

"Nimetoka gereji. Msimamizi anasema uliifunga, ukaipiga picha, halafu ukaifungua ukaiuza. Ukarudisha ile ya zamani."

Herbert aliinua macho. "Amesema hivyo?"

"Amesema na ametia sahihi."

"Ile ya zamani nilimpa Reuben ndani ya mfuko. Akaitupa nyuma ya gari. Alisema atabaki nayo kama spea." Sauti yake ikashuka. "Madam, mke wangu hajui niko wapi. Anafikiri simu imeharibika."

Kerubo aligeuza ukurasa wa daftari. "Reuben alirudi gereji tena baada ya kuchukua gari?"

"Hapana."

"Wewe ulienda kwake?"

"Sijui hata anakaa wapi. Al Mansoura, Najma, huko. Mimi nalala Sanaiya, siku yangu ya kupumzika nafua nguo."

Ilikuwa hadithi nzuri, na Kerubo alikuwa amesikia hadithi nyingi nzuri katika vyumba kama kile. Fundi mwenye njaa angeweza kuchora alama, kupiga picha, kisha kuiba. Alifunga kalamu yake.

"Kama unanidanganya, sitarudi," alisema.

"Sawa, madam. Rudi basi."

*

Mlango wa nyumba ya Reuben huko Al Mansoura ulifunguliwa na mwanamume mrefu aliyevaa shati lenye nembo ya kampuni ya kutembeza watalii jangwani.

"Karibu dada. Mimi ni Lenny. Nilikuja Doha ndege moja na Reuben. Virginia yuko ndani."

Virginia, mjane, alikuwa nesi. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti akiwa bado na sare ya kazi, kana kwamba angeitwa wakati wowote. Alijibu maswali kwa ufupi, bila kulia. Reuben alichukua gari gereji Jumamosi. Wiki nzima alilipeleka kazini na kulirudisha, isipokuwa Jumatano, alipochukuliwa na basi la hoteli kwa sababu ya zamu ndefu. Ijumaa akaenda mchangani na wenzake. Virginia naye alikuwa aende, lakini mwenzake kazini aliugua, akashika zamu yake.

"Kuna kitu alilalamikia kuhusu gari?"

"Alhamisi. Alisema breki imekuwa laini, anaikanyaga inaingia ndani kidogo. Alimpigia mtu simu, sikujua ni nani. Baadaye akaniambia ameambiwa ni kawaida, magurudumu ni makubwa."

"Nionyeshe alipokuwa akiliegesha."

Maegesho yalikuwa chini ya jengo, yakinukia moshi na maji ya sabuni. Sakafu ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu. Kerubo alichutama penye nafasi ya Reuben. Rangi ilikuwa nzima kila mahali, isipokuwa sehemu mbili ambapo ilifura, ikakunjamana na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Sehemu moja kulia, moja kushoto. Alifungua futi yake akapima nafasi kati ya sehemu hizo mbili. Ilikuwa sawa na nafasi ya magurudumu ya mbele ya Patrol.

Mafuta ya injini hayabandui rangi. Mafuta ya breki hubandua. Mtu alikuwa amefungua mipira hapa, upande mmoja kisha wa pili, na yale yaliyomwagika akayafuta haraka kwa kitambaa.

Basi mipira haikufunguliwa gereji, na Herbert hakudanganya.

"Kuna nini?" aliuliza Virginia nyuma yake.

"Bado sijui. Nani huja hapa chini?"

"Kila mtu, dada. Wanaume wote wenye magari ya jangwani hukutana hapa. Wanaazimana jeki, wanaazimana spana. Funguo za Reuben huwa tunamwachia mlinzi."

Kerubo alikumbuka kiatu kile chini ya usukani. Mtu aliyefanya kazi ile hakuwa na pupa. Alilala hapa chali kama yeye alivyolala yadini, akafunga mipira mifupi kwa ustadi, akaongeza mafuta, akarudisha ufunguo kwa mlinzi. Na huenda alijua mwenye gari angeenda wapi Ijumaa.

"Ningependa kupaona mahali alipopita na gari siku ile," alisema. "Nijue mchanga ulikuwa mbaya kiasi gani."

"Kagari kako hakawezi kufika huko," alisema Virginia. "Lenny atakupeleka. Lenny hajakataa kitu chochote tangu Reuben afariki."

*

Lenny aliendesha vizuri, mkono mmoja juu ya usukani. Gari lake lilikuwa Patrol pia, ya umbo lile lile, nyeupe, imeinuliwa vile vile. Walipita viwanda vya Mesaieed vikitoa ndimi za moto juu ya mabomba, wakaacha malori nyuma. Upepo wa mchana ulikuwa umeinua vumbi, na jua lilionekana kama sarafu iliyopaushwa.

"Tulinunua mwezi mmoja, mimi na yeye," alisema Lenny. "Yangu nilianza kuiinua mapema, yake akachelewa. Mimi hii napiga nayo kazi, wageni wakizidi kwa kampuni naitwa na gari yangu."

"Siku ile mlikuwa wote?"

"Wote. Magari manne. Reuben alikuwa ana-enjoy kama mtoto. Kila kilima anataka kupanda."

"Na kurudi?"

"Mimi nilikuwa nyuma yake." Alitazama barabara. "Niliona kila kitu. Gari kuukuu ni gari kuukuu, dada. Hata ubadilishe springi zote. Ule mpira wa mbele ukishaamua kupasuka, hakuna dereva."

Kerubo aligeuza uso dirishani.

Ripoti ya trafiki ilisema breki zilishindwa. Haikutaja mpira. Haikutaja mbele. Yeye mwenyewe, nje ya gereji na Herbert aliye mahabusu, alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata Virginia, hata bosi wake.

"Ni kweli," alisema. "Gari kuukuu."

Lami iliisha. Lenny alisimamisha gari mahali ambapo vilima vilianza, vikubwa na vya rangi ya ngozi, vilivyopangana hadi ukungu wa vumbi ulipovimeza. Haikuwa Ijumaa. Hakukuwa na hema, hakukuwa na pikipiki za kukodisha, hakukuwa na mtu.

"Natoa upepo kidogo kwenye matairi tusizame," alisema, akashuka na kuchutama nyuma ya gari.

Kerubo alishuka upande wake. Alisikia upepo ukitoka kwenye tairi la nyuma, mrefu, kama nyoka asiyetaka kunyamaza. Alipiga magoti karibu na gurudumu la mbele, akainamisha kichwa.

Mpira ulikuwa mrefu, umefumwa kwa chuma. Kwenye kichwa chake, pale ulipokutana na nati ya gari la Lenny, kulikuwa na kijistari cha manjano. Kilianza kwenye mpira na kikaishia hapo hapo. Nati haikuwa na rangi.

Alitoa simu, akaiingiza chini na kupiga picha. Simu ikalia *klik*, kubwa, kama mtu aliyevunja kijiti.

Upepo wa tairi ukakatika.

"Dada?"

Kerubo alisimama akipangusa magoti. Lenny alikuwa amekuja hadi ubavuni mwa gari. Alitazama simu, akatazama gurudumu, kisha akatazama njia waliyokuja nayo. Hakukuwa na gari lililokuja. Aliinua mkono, akafungua mkanda wa karia, akashusha sepetu iliyokuwa imefungwa paani. Kazi ya sepetu ile ilikuwa kuchimbua magurudumu. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo.

"Ingia gari, tuendelee," alisema. "Kuna mahali nataka uone."

"Picha iko kwa afisa wa trafiki tayari," alisema Kerubo. "Nimemtumia pamoja na jina lako."

Haikuwa kweli. Simu haikuwa na mtandao.

Walisimama hivyo. Mchanga ulikuwa ukipita miguuni mwao kwa sauti ndogo.

"Nilitaka kurudisha," alisema Lenny.

"Lini?"

"Jumamosi. Nakuapia. Wangu ulianza kuvuja, na Alhamisi nilikuwa na wageni wa kupeleka Khor al Udaid, ndani kabisa ya mchanga. Nikikataa, naambiwa khalas, basi, kazi anapewa mwingine. Mipira kama hiyo hakuna Doha nzima, unaagiza unangoja. Yake ilikuwa imekaa tu, anaenda nayo kazini na kurudi. Nikasema natumia siku moja, mbili, narudisha kabla hajaenda mchangani."

"Hukumwomba."

"Angekataa. Aliingoja sana."

"Halafu akakupigia simu Alhamisi."

Lenny alifumba macho. "Ndiyo."

"Ukamwambia ni magurudumu."

"Nilikuwa huku huku, na wageni garini. Ningemwambia nini? Alikuwa hajasema anakuja mchangani Ijumaa. Alisema usiku, kwa meseji. Sisi sote, tukutane asubuhi."

"Wewe unapeleka watu jangwani kila wiki. Ulijua mchanga ungeufanya nini mpira ule."

"Nilijua."

"Mlikuwa mchangani siku nzima, Lenny. Mlikaa mkanywa chai. Mlipiga picha."

"Kila aliposhuka kilima nilisema, sasa namwambia. Anatua, anacheka, watu wanapiga makofi, nasema ngoja, kile kingine. Nikajipa moyo. Nikasema kama mpira umevumilia mpaka saa hizi, umevumilia." Sepetu ilikuwa imeshuka hadi ncha yake ikagusa mchanga. "Tukarudi barabarani. Nikasema, haya, yameisha, kesho nabadilisha. Halafu pale kwa mzunguko nikaona taa zake za breki. Zikawaka. Gari haipunguzi. Zikaendelea kuwaka. Dada, ziliwaka kwa muda mrefu sana."

Kerubo aliitia simu mfukoni.

"Na Herbert?" aliuliza.

"Nilisikia watamrudisha kwao tu."

"Nani alikuambia?"

Lenny alitazama ncha ya sepetu. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Kerubo alinyoosha mkono. "Nipe ufunguo. Naendesha mimi. Wewe unakaa pale mbele ninapokuona, na hiyo sepetu inabaki hapa."

Kwa muda alidhani atakataa. Vidole vya Lenny vilikaza kwenye mpini, vikaachia, vikakaza tena. Kerubo alibaki amenyoosha mkono. Kisha Lenny akaiachia sepetu ikaanguka, akatoa ufunguo mfukoni, na kuuweka kiganjani mwake kwa uangalifu, kama anayeogopa kumgusa.

*

Afisa wa zamu katika kituo cha Mesaieed alitazama picha, akatazama gari nje, akamwita mwenzake wa trafiki. Lenny alieleza yote kwa Kiarabu chake cha kazini, na alipokwama Kerubo alimsaidia kwa Kiingereza. Walimwuliza mara tatu kama aliichukua mipira ili kumuua mwenzake. Mara tatu alisema hapana.

Kerubo aliamini kwamba aliiba kwa ajili ya kazi. Kuhusu siku ile nzima ya kunyamaza, hakujua angeandika neno gani, na alishukuru kwamba kulichagua hakukuwa juu yake. Alipiga simu kituo cha Sanaiya alikoshikiliwa Herbert. Askari wa huko alisema Herbert atalala pale mpaka karatasi za kumwachilia zifike, lakini atamwambia. Kerubo alimsikia akiita jina hilo kwenye ujia, kisha mtu mwingine akiuliza kwa mbali, "Nani? Mimi?"

Nje ya dirisha askari walikuwa wameinua Patrol nyeupe kwa jeki na kuanza kufungua magurudumu ya mbele.

"Dada Kerubo," alisema Lenny. Alikuwa ameketi kwenye benchi, bado bila pingu. "Virginia. Mwambie wewe. Wewe unajua kuongea."

"Hapana."

"Tafadhali. Siwezi."

"Utamwambia mwenyewe. Usipomwambia sasa, atasikia kesho kazini, wodini, kwa mtu asiyemjua."

Afisa alielewa bila kutafsiriwa. Alisukuma simu ya mezani hadi ukingoni. Lenny alibonyeza namba bila kuitafuta popote, akaweka simu sikioni. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba Kerubo alisikia ikiita upande wa pili, kisha ikipokelewa.

"Halo?"

"Virginia, ni mimi."

"Lenny! Mbona namba ya ajabu? Mko wapi mpaka saa hii? Nimeogopa, nikajua gari imewaharibikia huko." Sauti yake ilikuwa na uchangamfu mdogo, wa mtu aliyejilazimisha kuamka na kufanya jambo. "Mpitie hapa wote wawili, usimwache huyo dada aende na njaa. Nimepika. Leo ndiyo mara ya kwanza nimepika."

Lenny alifungua mdomo. Alimtazama Kerubo, na Kerubo hakuondoa macho wala hakunyoosha mkono.

"Lenny?" ilisema simu. "Unanisikia?"